Nani kasema chama kuwa na kwao ni dhambi?

Ndugu zangu, kuna neno moja katika siasa zetu ambalo likitamkwa tu mjadala unakufa pale pale. Neno lenyewe ni "ukanda". Chama kikishapakwa hilo neno basi, hakuna atakayeuliza tena sera zake zinasema nini, wala kwa nini watu wa sehemu fulani wameamua kukipenda kuliko watu wa sehemu nyingine. CUF ilikuwa "ya Wapemba". CHADEMA ilikuwa "ya Wachaga". UDP ya mzee John Cheyo ilikuwa "ya Wasukuma", tena wa Bariadi tu. TLP ya marehemu Mrema nayo mwisho wa siku ikabaki "ya Vunjo". Chama pekee ambacho hakina kabila, hakina mkoa wala ukoo ni CCM, ambacho kama mjuavyo kilishuka kutoka mbinguni tarehe 5 Februari 1977.

Leo nataka tuizungumzie CUF, na tuizungumzie kutokea Ruangwa, si kutokea Mtambwe wala Buguruni. Najua wapo watakaosema CUF ni habari ya jana. Sawa. Lakini kilichoipata CUF huku Kusini ndicho kitakachokipata chama chochote kitakachojaribu kuota mizizi mahali fulani kabla ya kuenea kwingine, na mimi sijaona bado chama kilichoenea bila kuota mizizi kwanza mahali fulani.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui kwa sababu magazeti yetu hayakujisumbua kulieleza. CUF ilikuwa chama cha kiliberali. Sisemi hivyo kama sifa, nasema kama utambulisho wake rasmi: ilikuwa mwanachama wa Liberal International, ule umoja wa vyama vya kiliberali duniani wenye akina Liberal Democrats wa Uingereza na VVD ya Uholanzi. Kwa Afrika walikaa meza moja na Democratic Alliance ya Afrika Kusini. Kaulimbiu yao, "Haki sawa kwa wote", ukiikuna kidogo tu unakuta ndiyo uliberali wenyewe: raia mmoja, haki moja, bila kuulizwa babu yako alitoka wapi na unaswali wapi. Mwenyekiti wao wa miaka mingi, Profesa Ibrahim Lipumba, ni mchumi mwenye shahada ya udaktari kutoka Stanford. Sasa niambieni, ni mara ngapi mmesoma CUF ikielezwa hivyo? Tulichosoma ni "ngangari" na jibu la polisi la "ngunguri". Tulisoma "chama cha Waarabu". Tulisoma "chama cha Waislamu".

Chama cha Waislamu ambacho mwenyekiti wake wa kwanza aliitwa James! Kwa wasiojua, CUF ilizaliwa Mei 1992 kwa kuunganisha vikundi viwili: KAMAHURU ya Zanzibar na Chama cha Wananchi cha Bara, kilichoongozwa na James Mapalala, mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980 kwa kosa la kudai vyama vingi wakati wakubwa wengi wa leo wa demokrasia walikuwa wanapiga makofi. Na mwaka 2015 Kilwa Kaskazini, jimbo la wilaya yenye misikiti ya kale kuliko miji mingi ya nchi hii, walimchagua kwa tiketi ya CUF mbunge anayeitwa Vedasto Ngombale. Kaliua wakamchagua Magdalena Sakaya. Hao ndio masheikh wa chama cha Waislamu?

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Lindi Mjini mwaka 2010. Mnakumbuka hali ilivyokuwa miaka ile: ndugu zetu wenye ualbino wanawindwa na kukatwa viungo Kanda ya Ziwa, dunia nzima inatushangaa. Katikati ya hayo, wapiga kura wa Lindi Mjini, mji ambao ukiutaja Dar watu wanacheka na kuuliza kama huko kuna umeme, wakamchagua Salum Khalfan Barwany wa CUF. Akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni kuingia Bunge la Muungano. Hakuteuliwa wala hakupewa viti maalumu. Alisimama jukwaani, akaomba kura, akapewa. Kama kuna ushahidi bora wa "haki sawa kwa wote" katika historia ya uchaguzi wa nchi hii, mimi sijauona.

Sasa naomba nitoke nje ya nchi kidogo, halafu nitarudi.

Kule Algeria kuna mkoa wa milimani unaitwa Kabylie. Watu wake hawazungumzi Kiarabu kama lugha ya mama, wanazungumza lugha yao ya Kiberberi, wenyewe wanaiita Tamazight. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 serikali ya chama kimoja cha FLN iliamua kwamba Algeria ni nchi ya Kiarabu, basi. Machi 1980 mwandishi Mouloud Mammeri alizuiwa kutoa mhadhara juu ya mashairi ya kale ya Kikabyle katika chuo kikuu cha Tizi Ouzou, na mji ukalipuka. Mhadhara wa mashairi! Kutokana na vuguvugu lile, Februari 1989, hapo hapo Tizi Ouzou, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Saïd Sadi na wenzake wakaunda chama, RCD, yaani Mkusanyiko kwa ajili ya Utamaduni na Demokrasia. Chama cha kiliberali kisichochanganya dini na dola, kinachotaka mwanamke awe na haki sawa mbele ya sheria, na kinachotaka lugha ya nyumbani itambuliwe.

Na kilipakwa rangi gani? Mmeshajua. "Chama cha Wakabyle". Sera zao zilikuwa za nchi nzima, kura zao zilikuwa za mkoa mmoja, na kila walipotoka milimani walikuta neno hilo limewatangulia. Katiba ya Algeria ya mwaka 1996 ikapiga marufuku vyama vyenye msingi wa dini, lugha, rangi au mkoa. (Kwa taarifa tu, kule mkoa unaitwa wilaya. Mswahili akisoma habari za Algeria anaweza kudhani magavana wote ni wakuu wa wilaya.)

Sheria hiyo haina tofauti kubwa na yetu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama chenye lengo la kuendeleza dini, kabila, rangi au eneo fulani, na ili upate usajili wa kudumu ulitakiwa uonyeshe wanachama 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua 10, ikiwemo miwili ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Mchungaji Mtikila alipogoma kwenda kutafuta wanachama Zanzibar kwa sababu hakuutambua Muungano, chama chake cha DP kilikaa bila usajili mpaka mwaka 2002. Mimi siipingi nia ya sheria ile. Tumeona Rwanda, tumeona Kenya mwaka 2007. Ninachosema ni kwamba sheria inazuia chama kuwa na NIA ya kikanda. Haizuii chama kuwa na kwao. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na siasa zetu zimefanikiwa kuvichanganya kiasi kwamba hata wasomi wa vyuo vikuu wanavichanganya.

Hata hapa jirani tunao mfano. Nachingwea, pale Farm 17, ndipo FRELIMO walipokuwa wanafundisha wapiganaji wao. Vita yao ilianzia Cabo Delgado Septemba 1964, na kwa muda mrefu ilibebwa na watu wa kaskazini mwa Msumbiji, Wamakonde wakiwa mstari wa mbele. Nani Tanzania aliwaambia FRELIMO kuwa ni chama cha ukanda? Tuliwapa shamba, tukawapa kambi, tukawaita wakombozi. Tulielewa, tena vizuri sana, kwamba moto lazima uwashwe mahali fulani.

Haya, turudi Lindi.

Mwaka 2010 CUF ilipata majimbo mawili tu Tanzania Bara, na yote mawili yalikuwa mkoa wa Lindi: Lindi Mjini na Kilwa Kusini ya Selemani Bungara, maarufu kama Bwege. Mwaka 2015 yakawa 10. Katika hayo 10, sita yalitoka Lindi na Mtwara: Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini, Mchinga, Liwale, Mtwara Mjini na Tandahimba. Lindi ilikuwa na majimbo manane, CUF ikachukua manne, CCM ikabaki na manne: Lindi Mjini, Mtama, Nachingwea na Ruangwa yetu. Nusu kwa nusu! Mkoa ambao Dar wanauita usingizini ulikuwa mmoja wa mikoa yenye ushindani mkali kabisa nchini.

Kwa nini? Jibu la haraka la mjini ni "Pwani, Waislamu, CUF, imeisha hiyo". Jibu la haraka ni la uvivu. Bagamoyo ni pwani. Mafia ni pwani. Rufiji ni pwani. Mbona huko hawakuichagua CUF? Angalia ramani ile tena na usahau misikiti, angalia miti. Ni ramani ya mikorosho, na pembeni yake ni ramani ya gesi.

Tangu msimu wa 2007/08 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, halafu anasubiri. Kuna faida zake, bei ya mnada mara nyingi imekuwa bora kuliko ya yule mtu wa kangomba anayekuja na kibaba chake wakati wa njaa. Lakini kuna makato juu ya makato, na kuna kusubiri. Aprili 2013 Liwale wakulima walipoambiwa malipo yao yaliyobaki ni pungufu sana ya waliyotarajia, nyumba zilichomwa moto, zikiwemo za viongozi. Miezi michache kabla, Mtwara walishaandamana kuhusu gesi, na Mei mwaka huo huo baada ya hotuba ya bajeti ya Nishati mji ukawaka na jeshi likaingia. Miaka miwili baadaye Liwale inapata mbunge wa CUF, Mtwara Mjini inapata mbunge wa CUF. Sasa hapo udini umeingilia mlango gani?

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Dai la mkulima wa korosho ni dai la kiliberali kuliko dai lolote lililowahi kutolewa katika mihadhara ya pale Nkrumah Hall. Mtu kapanda mwenyewe, kapalilia mwenyewe, kapulizia salfa kwa hela yake ya mkopo, kaokota mwenyewe juani. Halafu anaambiwa: usiuze kwa unayemtaka, usiuze siku unayoitaka, ukikutwa unauza pembeni ni kosa la jinai. Anauliza swali moja tu: korosho hii ni yangu au ya nani? Hilo ni swali la mali binafsi na uhuru wa raia. Vitabu vimeandikwa Ulaya kwa karne tatu juu ya swali hilo, na mzee wa Mnacho au Mandawa anauliza akiwa amekaa juu ya gunia.

Na chama cha kiliberali kilikuwa hapo hapo, kinaomba kura zake. Kilifanya nini na swali lile? Kwa maoni yangu, karibu hakuna. Kilichukua hasira, hakikuchukua swali. Viongozi walikuja na misafara, wakahutubia makato, wakahutubia dhuluma ya Zanzibar, wakaondoka. Hakuna aliyekaa na wakulima kufafanua kwamba hicho wanachokililia ndicho chama chao kilichoandikwa kuamini. Ni kweli swali lenyewe ni gumu. Mkulima yule yule anayetaka uhuru wa kuuza anataka pia serikali imhakikishie bei. Novemba 2018 wanunuzi walipokuja na bei za chini na Rais Magufuli akatuma jeshi likanunue korosho kwa shilingi 3,300 kilo, kuna watu huku walishangilia mpaka sauti zikakauka, halafu wakasubiri hela yao mpaka ushangiliaji ukawatoka. Mliberali wa kweli angekuwa na maneno ya kusema siku ile. Ya kwamba mnunuzi mwenye bunduki hana ushindani. Ya kwamba asilimia 65 ya ushuru wa korosho nje, ambayo Bunge liliiondoa kwenye mfuko wa wakulima Juni mwaka ule ule, ndiyo ilikuwa pembejeo yao. Lakini Novemba 2018 CUF ilikuwa wapi? Ilikuwa mahakamani, inashitakiana yenyewe kwa yenyewe.

Hadithi ya ugomvi ule mnaijua, nitapita haraka. Agosti 2015 Lipumba alijiuzulu kwa sababu ya UKAWA kumpokea Lowassa, mwaka 2016 akarudi akidai barua yake ya kujiuzulu haijakamilika, Msajili akamtambua, kambi mbili zikagawana ofisi, wabunge na ruzuku. Machi 2019 Mahakama Kuu ikampa ushindi Lipumba, na siku hiyo hiyo Maalim Seif Sharif Hamad akahamia ACT-Wazalendo na watu wake. "Shusha tanga, pandisha tanga". Kaulimbiu tamu sana kwa mtu wa visiwani. Sisi tulio Ruangwa, kilomita nyingi kutoka maji ya chumvi, tanga hilo tulishushe wapi na tulipandishe wapi? Pemba nzima ilihama kwa usiku mmoja. Huku Kusini watu walibaki na kadi mfukoni na bendera juu ya mti, hawajui ni za nani. Wabunge wengine walishahama kabla: wa Liwale aliingia CCM mwaka 2018, wa Temeke na Kinondoni wakafanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo ninapoona CUF na RCD ni mtu na ndugu yake. Mwaka 2001 Pemba ilipigwa risasi Januari, Human Rights Watch ikahesabu waliouawa kuwa si chini ya 35, na watu wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Aprili mwaka huo huo kijana Massinissa Guermah aliuawa ndani ya kituo cha askari huko Kabylie, na maandamano yaliyofuata yakaua zaidi ya watu 100. RCD wakati huo ilikuwa ndani ya serikali ya Bouteflika, ilikuwa imeingia mwishoni mwa 1999. Ikabidi itoke mbio, lakini nyumbani walikwishaanza kuitazama kwa jicho jingine. CUF nayo iliingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa Zanzibar mwaka 2010, Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Oktoba 2015 Jecha Salim Jecha akaufuta uchaguzi mzima. Wote wawili walikaribishwa mezani na wakakuta sahani haina kitu.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na kwa hiyo lazima niwape CUF haki yao. Januari 1992 jeshi la Algeria lilipofuta uchaguzi uliokuwa unashindwa na chama cha Kiislamu cha FIS, RCD waliunga mkono. Waliona bora vifaru kuliko masheikh. Katika duru ya kwanza walikuwa hawajapata kiti hata kimoja, wakati wapinzani wao hapo hapo Kabylie, FFS ya mzee Aït Ahmed, walipata 25 na wakapinga kufutwa kwa uchaguzi. Chama cha kiliberali kinachoshangilia kura kutupwa, hata kura za watu kisiowapenda, kimejitia kitanzi mwenyewe, na ile nchi ililipa kwa miaka kumi ya damu. CUF walifutiwa, waliibiwa, walipigwa. Hawakuwahi kushangilia mwingine akifutiwa. Hilo wasiwanyang'anye.

Sasa Ruangwa. Kwa nini sisi hatukwenda na wenzetu wa Liwale na Kilwa? Mikorosho tunayo. Ufuta tunao, tena wa kutosha, na Chama Kikuu chetu, RUNALI, ni kimoja na Liwale na Nachingwea, jina lenyewe ni herufi za wilaya hizo tatu. Malalamiko ya makato ni yale yale. Tofauti ni moja: sisi tulikuwa na mtu.

Kassim Majaliwa alikuwa mbunge wetu tangu 2010, akawa naibu waziri, na Novemba 2015 akawa Waziri Mkuu. Sitaki kuwa mnafiki. Aliyepita Ruangwa zamani na akapita leo anajua. Lami imefika, majengo yamepanda, kuna uwanja wa mpira wenye jina lake, na Namungo, timu ya wilaya ambayo zamani ilikuwa njia ya kwenda kwingine, inacheza na Simba na Yanga. Vijana wenzangu waliosomea Dar walioniambia "bora kuwa na mtu kuliko kuwa na chama" hawakuwa wajinga. Walikuwa wanahesabu.

Lakini hesabu hiyo ina mstari wa pili. Mwaka 2020 Ruangwa hatukupiga kura ya mbunge. Mbunge wetu alipita bila kupingwa. Sisemi angeshindwa, pengine angeshinda kwa asilimia 90. Nasema mkulima wa Ruangwa siku ile alikwenda kituoni na katika sanduku la mbunge hakuwa na la kuweka. Mwaka mmoja kabla, kwenye serikali za mitaa, wapinzani walienguliwa kwa maelfu nchini kote, wengine wakasusa, na CCM ikachukua karibu kila kijiji. Kwa hiyo kijana wa hapa aliyetimiza miaka 18 mwaka 2019 alipita chaguzi mbili mfululizo bila kuonja ladha ya kumchagua mwenyekiti wa kijiji wala mbunge kati ya watu wawili.

Na mtu, tofauti na chama, huondoka. Julai 2025 Majaliwa alitangaza kwamba hagombei tena. Novemba mwaka huo, baada ya uchaguzi ule wa Oktoba 29 ambao wote tunajua ulivyokwenda, intaneti imezimwa na watu wamekufa barabarani, uwaziri mkuu ukaenda kwa Mwigulu Nchemba. Kwa muda wa miezi minne Ruangwa ikarudi kuwa wilaya ya kawaida. Barabara ipo, hospitali ipo, Mungu ashukuriwe. Lakini tukitaka kulalamikia makato ya ufuta msimu ujao tunampigia nani simu? Hatuna mtu, na chama hatukukijenga. Wenzetu wa Liwale walijenga chama, chama kikawaachia njiani. Sisi tulijenga juu ya mtu. Ukiniuliza nani alikosea zaidi nitasema ni sisi, kwa sababu wao angalau walijizoeza kumwondoa mtu kwa karatasi. Waliwahi kumwambia mwenye nchi hapana, wakaamka kesho yake wakiwa hai, na tabia hiyo haiishi kwa sababu mbunge kahama.

Naambiwa upinzani mpya ukija Kusini utakuwa wa "kitaifa", hautarudia kosa la CUF la kuwa chama cha mahali. Mimi ningewaomba wafanye kinyume. CHADEMA ilianza na "kwao" Kilimanjaro na ikafika Mbeya, Iringa, Mwanza na Arusha, haikuanza na mikoa yote siku moja. Njooni Ruangwa muwe wa Ruangwa. Msije na helikopta, njooni mwezi wa sita minada ya ufuta ikianza, mkae na watu wa chama cha msingi kutoka asubuhi mpaka bei isomwe, mhesabu nao makato shilingi kwa shilingi. Halafu muwaambie, kwa Kiswahili cha kawaida, kama mnaamini ule ufuta ni wa mkulima au ni wa serikali.

Wakiwaita chama cha Wamwera, itikieni.